Nidhamu ya Doha ilikuwa ya nani?

Mtu akirudi Mombasa kutoka Uarabuni hupimwa mara mbili. Kwanza kwa macho: mabegi, simu, uso ulivyonawiri au ulivyochakaa. Kipimo cha pili huja wiki kadhaa baadaye, mabegi yakishafunguliwa na kila mtu akishachukua fungu lake. Hapo sasa huangaliwa tabia. Ukijaliwa, wazee barazani watasema, "Kijana amekomaa." Mimi nilivikwa sifa hiyo mapema kabisa. Niliamka kabla ya adhana, sikuchelewa miadi, sikupandisha sauti, na ilisemekana nina akiba. Mwaka umepita tangu nirudi kutoka Doha, mji mkuu wa Qatar, nilikokuwa mlinzi kwa miaka mitano, na kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa kukagua mizigo ya watu, leo nakagua ya kwangu.

Ninavyoona, sehemu kubwa ya ukomavu tunaorudi nao si wetu. Uliletwa na basi la kampuni, na masharti ya visa, na bahari iliyokuwa kati yetu na wanaotuomba. Vitu hivyo vikiondoka ndipo hujulikana mtu amebaki na nini. Ndiyo maana mwaka wa kwanza nyumbani, ambao familia nyingi huuchukulia kuwa likizo mwanzoni kisha aibu mwishoni, mimi nauhesabu kuwa ndio mwaka wa kukua wenyewe.

Tuanze na jambo jepesi, saa. Pale kambini, upande wa Industrial Area, eneo la viwanda la Doha, basi la walinzi wa zamu ya mchana liliondoka kabla hakujapambazuka, na halikungoja mtu. Aliyelikosa alikatwa mshahara wa siku, wakati mwingine zaidi. Katika hali hiyo kuamka mapema hakutaki tabia njema, kunataka woga kidogo tu. Sasa naendesha tuktuk, steji ya Kongowea. Magari ya hapa hayaondoki kwa saa, huondoka yakijaa. Abiria akiwahi atakaa ndani akisubiri wenzake; akichelewa huenda akakuta gari linatoka papo hapo. Miezi ya mwanzo nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, kifua mbele, mpaka dereva mmoja mkongwe akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, abiria wako wa saa hii ni nani?" Wa saa ile ni akina mama wa sokoni, nao wana madereva wao wa miaka. Kongowea ina saa zake: lori za mboga zinapofika, shule zinapofunguliwa, swala ya Ijumaa inapotoka, maji yanapokatika mtaani na watu wakaanza kubeba mitungi. Kuzijua saa hizo kulinigharimu muda mrefu, na Doha haikunisaidia kitu.

Akiba ina hesabu ndefu zaidi, nayo ndiyo inayowapoteza wengi. Tangu Machi 2021 Qatar ina kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wote: riali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asipotoa chakula na malazi anaongeza riali 300 za chakula na 500 za malazi. Mlinzi anayelala kambini, anayekula chakula cha kampuni na kukaa lindoni kwa muda wa saa kumi na mbili hana pa kupeleka pesa hata akitaka. Nauli ya treni ya metro ni riali 2, na siku ya mapumziko ulitaka kulala. Ukikaa hivyo mwaka mzima utaweka pesa, hata kama ulikuwa mfujaji tangu kuzaliwa. Kisha unarudi ukiamini umekuwa mtu wa akiba.

Thamani ya hiyo akiba yenyewe haimo mikononi mwako. Riali ya Qatar imefungwa kwenye dola, riali 3.64 kwa dola moja, haipandi wala haishuki. Inayocheza ni shilingi yetu. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, na kambini watu walikuwa wakichora nyumba za ghorofa kwenye maboksi ya viatu. Februari serikali ya Kenya ikakopa dola bilioni 1.5 ili ilipe mapema sehemu ya Eurobond, deni la dola bilioni 2 kwa wawekezaji wa nje lililotakiwa kulipwa Juni. Hofu kwamba nchi itashindwa kulipa ikapoa, shilingi ikapata nguvu, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa kama shilingi 129. Riali 1,000 zilizokuwa zikifika nyumbani kama shilingi 44,000 sasa zikawa 35,000 na kidogo. Kwa nchi ilikuwa habari njema. Mimi nilirudi Agosti ya mwaka huo, na ile nyumba ya kwenye boksi ilikuwa imekwisha pungua vyumba.

Kuna na kiinua mgongo. Sheria ya kazi ya Qatar inataka mfanyakazi alipwe si chini ya mshahara wa msingi wa wiki tatu kwa kila mwaka aliofanya. Mwenye mshahara wa msingi wa riali 1,000 aliyekaa miaka mitano anaondoka na kama riali 3,500, takriban shilingi 124,000. Tuktuk mpya hainunuliwi kwa pesa hizo. Hata iliyotumika utaongeza juu. Nayaandika haya kwa sababu mtaani kwetu anayerudi bila nyumba huambiwa alikula pesa na wanawake, na mara nyingi hesabu yake ukiifungua huoni hata shilingi iliyopotea.

Lakini lililonishughulisha zaidi mwaka huu ni kuombwa. Nikiwa Doha niliombwa kila wiki, na nilijiona hodari wa kupanga nani apewe na nani angoje. Uhodari wenyewe ulikuwa simu isiyopokelewa. Saa ya Doha na ya Mombasa ni moja, kwa hiyo sikuweza hata kusingizia usiku. Nilisema niko lindoni. Nyumbani hakuna lindo. Shangazi anakuja kwa miguu yake, anakaa, anaulizia afya ya mtoto, anakunywa chai, na shida yake anaitaja akiwa tayari mlangoni, viatu mkononi. Huwezi kutokupokea.

Siku hizi kuna ushauri mwingi mitandaoni kwa watu kama mimi: jiwekee mipaka, kata wanaokuvuta chini, sema hapana bila kueleza. Wanaousema huonekana wana mishahara ya uhakika na wazazi wenye afya. Mama alipougua mimi nikiwa mbali, waliomvusha kivuko cha Likoni usiku kumpeleka hospitali ni hao hao wanaotajwa kuwa wa kukatwa. Nani atakata hapo? Nilichojifunza, na kilinichukua karibu mwaka wote, ni kukataa uso kwa uso na bado ukabaki mtu wa nyumba: "Shangazi, elfu tano sina. Ijumaa nitaleta unga na mafuta, na mwezi ujao nitalipa hiyo ya maji." Hapo kuna kukataa, kuna kutoa, kuna tarehe, na tarehe sharti uitimize. Mara ya kwanza sauti ilinitetemeka. Sasa haitetemeki, na shangazi ameanza kunieleza shida mapema kabla haijawa dharura, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nilipokuwa nikituma pesa kubwa zaidi.

Sifa niliyoitilia shaka kuliko zote ni ile ya upole. Kijana haropoki, ana subira. Tuangalie subira hiyo ilifundishwa wapi. Nilipofika Qatar mwaka 2019, mfanyakazi hakuruhusiwa kuhamia kwa mwajiri mwingine kabla ya mkataba kwisha bila barua ya idhini ya mwajiri wa kwanza. Mwaka uliofuata sharti hilo likafutwa kisheria, na nawasifu waliolipigania, lakini msimamizi aliyezoea kutisha hakuamka siku ya pili akiwa mtu mwingine, wala sisi tuliozoea kutishwa. Vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kwa wageni. Mtu anajifunza kumeza. Akikatwa siku asiyokosa, anameza. Akiongezewa saa, anameza. Miaka mitano ya kumeza inampa sura ya utulivu ambayo barazani inapita kuwa busara.

Na wakati mimi nameza, nyumbani watu walikuwa wakisema. Juni 2024 nilikuwa kitandani kambini, simu juu ya uso, nikiwatazama vijana wa umri wa wadogo zangu wakijaa mitaani kuupinga Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi. Tarehe 25 wakaingia Bunge. Watu walikufa kwa risasi. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Sitaki kupunguza uzito wa waliofariki kwa kuwafanya mfano wa mambo yangu. Nasema tu kwamba niliondoka katika nchi moja na kurudi katika nyingine, ambayo mtoto wa miaka ishirini anamsomea ofisa kifungu cha Katiba kutoka kwenye simu, na mimi mkubwa wake nasimama kando nikisubiri ruhusa ya kuzungumza.

Ilijionyesha kwenye mkutano wa wazazi. Shule ilitaka mchango wa ziada, haikueleza wa nini. Wazazi wengine waliuliza, wawili wakabishana na mwalimu mkuu, mimi nikakaa kimya kama nilivyozoea. Tukiwa njiani mke wangu akasema, bila ukali, "Mbona watu wanafikiri wewe ndiye uliyesafiri?" Mkutano uliofuata niliuliza swali moja, la stakabadhi. Moyo ulinidunda kana kwamba nimevunja sheria. Swali lenyewe lilijibiwa kwa dakika mbili na hakuna aliyefukuzwa.

Huyu mke wangu ndiye anayeiharibu kabisa hadithi ya kawaida ya mtu aliyesafiri akakomaa. Hadithi hiyo ina msafiri mmoja. Wengine wote wamewekwa kabatini mpaka arudi, awatoe na kuwapangusa vumbi. Binti yetu alikuwa hajaanza kutembea nilipoondoka; nilimkuta darasa la kwanza, ana maoni. Mama yake katika miaka hiyo alikuwa amesimamia mafundi wawili na kumfukuza mmoja, alikuwa mweka hazina wa chama cha wanawake kumi na watano, alijua daktari gani anasikiliza na yupi anaandika dawa kabla hujakaa. Pesa zilikuwa zangu, ndiyo, na sizidharau. Maamuzi yalikuwa yake. Wengi tunaorudi tunadhani kiti cha mkuu wa nyumba kilifunikwa kitambaa kikitungoja. Kilikuwa na mtu, na alikikalia vizuri.

Basi mwaka huu nimekuwa mwanafunzi ndani ya nyumba yangu. Nauliza kabla ya kuamua, na mara nyingine naambiwa hapana. Kwa mtoto nilikuwa baba wa kwenye skrini, anayecheka sana, anayeahidi, asiyejua kwamba hali ugali ukiwa umegusa mchuzi. Mtaala wa umilisi, ambao wazazi wengi wanaulalamikia kwa sababu kazi za nyumbani huwafanyisha watu wazima, kwangu ulikuwa rehema. Kila wiki tulitumwa kutafuta maboksi, vifuniko vya chupa, mchanga, mabua. Tukiwa chini sakafuni tunagundisha kitu kisichofanana na chochote, ndipo alipoacha kunipigia saluti na kuanza kunibishia. Nililipokea kwa furaha. Mgeni habishiwi.

Na ugeni huo hautoki upesi. Swali la kwanza mtaani, hata kabla ya salamu kukamilika, ni "Na kule waregea lini?" Halina ubaya. Wazee walisema aendaye tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini siku hizi watu wameona wengi waliorudi na kuondoka tena, kwa hiyo wanakuhesabu kuwa uko likizoni: hupewi kazi kwenye harusi, hulaumiwi usipofika, mchango wako unapokewa kwa heshima kubwa mno. Yapata miezi saba baada ya kurudi alifariki jirani, na jina langu likatajwa pamoja na vijana wa kwenda kuchimba kaburi. Hakuna aliyeniomba. Nilitajwa tu. Mikono ilitoka malengelenge, maana baada ya miaka mitano lindoni ilikuwa imelainika kama ya karani, lakini tangu siku hiyo swali la kurudi limepungua.

Nisije nikaonekana nakana kila kitu cha Doha. Kiko kilichobaki, na kimebaki bila basi wala msimamizi, ndiyo maana nakiamini. Kwanza ni kuandika. Mlinzi huandika ripoti: nini kilitokea, saa ngapi, nani alikuwepo, bila kuongeza chumvi. Nimeendelea hivyo kwa tuktuk, mafuta, matengenezo na mapato, na daftari hilo limeshanisaidia mara kadhaa kubishana na fundi. Lakini kilicho kikubwa ni watu. Chumba chetu kilikuwa na Mnepali, Mganda, Mghana, na Wakenya watatu: mmoja wa Siaya, mmoja wa Nyeri, na mimi. Mimi nilikulia Likoni miaka ambayo "Pwani si Kenya", kauli ya waliotaka Pwani ijitenge, ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi, na watu wa bara kwangu walikuwa wale waliokuja kuchukua kazi na viwanja. Sikuwahi kulala chumba kimoja na yeyote kati yao mpaka nilipovuka bahari. Yule wa Nyeri alinikopesha pesa ya kumtumia mama akiwa hospitali, akakataa kuandikiana. Yule wa Siaya aliniamsha kula daku mwezi wote wa Ramadhani, naye ni Mwadventista.

Malalamiko ya Pwani kuhusu ardhi ni ya kweli, na sijaacha kuyasema. Ila barazani mtu akianza kuwatupia wabara wote katika kapu moja, sasa namkatiza, na hilo halinipatii marafiki. Hapa hakuna sheria wala mshahara unaonilazimisha kufanya hivyo. Kwa hiyo nadhani hiki ni changu.

Wanaotaka mfano mkubwa zaidi wa mwaka wa kwanza nyumbani watazame kwa jirani. Julius Nyerere alirudi Tanganyika kutoka Edinburgh Oktoba 1952 akiwa na shahada ya uzamili, na akaenda kufundisha Pugu. Aprili mwaka uliofuata akachaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, ambacho Julai 1954 kiligeuzwa kuwa TANU, chama cha kupigania uhuru. Mawazo mengi aliyasuka kule Uskoti, hilo halina ubishi. Lakini Uskoti haikumpa wanachama, wala haikumfundisha kuketi na wazee wa Dar es Salaam waliokuwa na chama chao kabla yake. Hayo aliyapata baada ya kurudi, akiwa mwalimu wa shule. Sijilinganishi naye, tuktuk yangu haina bendera. Naonyesha tu kwamba cheti cha ng'ambo ndicho kinachoning'inizwa ukutani, na mwaka uliofuata kurudi ni nadra kusimuliwa.

Hata serikali husimulia upande mmoja. Benki Kuu ya Kenya hutangaza kila mwezi pesa zilizotumwa na Wakenya walio nje, na mwaka 2024 zilizidi dola bilioni 4.9. Kabla ya kuondoka, mfanyakazi wa nyumbani anayekwenda Ghuba hutakiwa kupitia mafunzo: namna ya kutumia mashine ya kufua, namna ya kuishi na mwajiri. Mimi niliporudi uwanja wa ndege wa Moi nilipigwa muhuri, nikatoka. Kujisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nilielekezwa na mhudumu wa duka la M-Pesa. Kuhusu NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, miaka mitano ni shimo tupu kwenye rekodi yangu. Misikiti na makanisa yana semina za wanaooa; sioni kwa nini yasiwe na jioni moja ya wanaorudi, pamoja na waliokuwa wakiwangoja, kwa sababu hao nao wana la kusema.

Wiki iliyopita ajenti alinipigia. Kazi ni ya msimamizi wa walinzi, Doha hiyo hiyo, riali 1,500. Kwa kiwango nilichorudi nacho ni kama shilingi 53,000, na tuktuk haijawahi kunipa hizo baada ya kutoa mafuta. Mimi naegemea kubaki. Mke wangu anasema nisikatae kitu ambacho hatujakiona kwa maandishi, na ameshaandika maswali yake: saa za ziada zinalipwaje, likizo ni baada ya muda gani, tikiti ya kurudi ni ya nani, na kiinua mgongo kitapigwa kwa mshahara upi. Nimemwambia ajenti alete mkataba nyumbani siku ambayo na mke wangu yupo. Ajenti akauliza kwani mwenye kazi ni nani. Nikamjibu aje tu na karatasi.